Umejifungua na una PCOS: mwongozo wa mwaka wa kwanza

Siku ya tatu baada ya kutoka hospitali, mama mkwe aliketi ukingoni mwa kitanda changu na bakuli la mtori mkononi, akaniambia, "Sasa mwanangu, yale mambo ya homoni yamekwisha. Mwanamke akishazaa, mwili unajirudi wenyewe." Nikamjibu, "Amina, mama." Alikuwa anasema kwa upendo, na mimi mwenyewe nilitamani iwe hivyo. Nilikuwa nimekaa miaka mitano nikitafuta mtoto, nimemeza vidonge, nimepigwa ultrasaundi hadi nikazoea ubaridi wa ile jeli tumboni. Niliona nimestahili kupumzika.

Miezi minne baadaye nilikuwa nasimama mbele ya kioo usiku, mtoto amelala, nang'oa ndevu kidevuni kwa kibanio, nikijiuliza kwa nini hakuna aliyeniambia.

Kuzaa hakuiondoi PCOS, yaani ugonjwa wa homoni unaovuruga kazi ya ovari. Dalili zake zinaweza kutulia kidogo wakati wa mimba na wakati wa kunyonyesha, halafu zinarudi, na zinarudi kipindi ambacho huna usingizi wala muda wa kukaa foleni kwa daktari. Ndiyo maana nimepanga hatua hizi kwa kufuata mwaka wa kwanza wa mtoto, jinsi mambo yanavyokufikia. Si mbadala wa daktari wako. Zitakusaidia kujua umuulize nini, na lini.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe, kwa sababu wengi tumeambiwa tuna "uvimbe kwenye ovari" na tukaogopa tutapasuliwa. Vile vinavyoonekana kwenye ultrasaundi ni vifuko vidogo vya mayai vilivyoanza kukua vikaishia njiani. Si uvimbe wa kukata. Daktari husema una PCOS akikuta mambo mawili kati ya matatu: mayai hayapevuki kwa mpangilio, ndiyo maana hedhi inaruka, homoni za kiume zimezidi, ndiyo ndevu na chunusi, na ovari zimejaa vifuko hivyo. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa kati ya wanawake 100 walio katika umri wa kuzaa, 10 hadi 13 wanayo, na wengi wao hawajui. Kwa wengi wetu kuna jambo jingine nyuma yake: mwili hauitikii vizuri insulini, ile homoni inayotoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini, kwa hiyo kongosho inamwaga insulini nyingi zaidi, na insulini hiyo ikifika kwenye ovari inazichochea zitengeneze homoni za kiume kupita kiasi. Liweke hilo kichwani. Karibu kila hatua hapa chini inarudi kwenye insulini.

Hatua ya 1: Andika karatasi moja (siku yoyote kabla ya kliniki ya kwanza)

Nesi atakayekupokea kliniki ya mtoto hajui ulipotoka. Kadi inaonyesha uzito wa mtoto na chanjo, haionyeshi kwamba ulishika mimba kwa dawa za kupevusha mayai. Chukua karatasi, andika: nina PCOS, iligunduliwa mwaka fulani; nilipata mimba kwa njia hii; nilikuwa natumia dawa hizi na nimeziacha lini; nilipata au sikupata kisukari cha mimba; presha ilipanda au haikupanda; nilijifungua kawaida au kwa upasuaji; mtoto alikuwa na kilo ngapi. Ikunje, ichomeke ndani ya kadi.

Kama ulikuwa unatumia metformini, dawa inayousaidia mwili kuitikia insulini, uliza mapema kama uendelee. Inapita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana na kwa kawaida madaktari wanaikubali kwa mama anayenyonyesha mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake na mwenye afya. Dawa nyingine, hasa za kupunguza homoni za kiume au za chunusi za kumeza, usizirudie hata kama zimebaki kabatini.

Hatua ya 2: Maziwa (wiki mbili za kwanza)

Hapa nitakaa sana kwa sababu hapa ndipo niliumia.

Wanawake wengi wenye PCOS wananyonyesha bila shida yoyote. Lakini wapo ambao maziwa yanachelewa kujaa au hayatoshi, hasa kama kuna kisukari, uzito mkubwa, au ulijifungua kwa upasuaji. Kwa baadhi yetu tishu inayotengeneza maziwa haikukua vya kutosha tangu ujana. Dalili ya kuangalia ni hii: je, matiti yako yalikua na kuuma wakati wa mimba? Kama hayakubadilika kabisa, mwambie mkunga kabla hata hujajifungua, au siku hiyo hiyo ya kujifungua, ili mtoto afuatiliwe kwa karibu. Haina maana kwamba utashindwa.

Fanya haya. Mweke mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya saa ya kwanza kama hali inaruhusu. Mpe dang'a, hata kama ni matone. Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, maana titi linalonyonywa ndilo linalotengeneza. Angalia anavyoshika: mdomo umefunguka sana, kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umegeukia nje, na weusi wa titi unaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Akishika chuchu tupu utaumia wewe na yeye atabaki na njaa. Akimaliza na matiti bado hayajajaa vizuri, kamua kwa mkono dakika chache, umpe hicho kwa kikombe kidogo au kijiko.

Sasa utajuaje kama yanatosha? Watu wataangalia matiti yako, wataangalia mtoto analia, watatoa hukumu. Shangazi yangu mmoja alikamua titi langu sebuleni, akaona tone, akasema, "Huyu mtoto ana njaa." Usihesabu maneno, hesabu nepi. Kuanzia siku ya tano mtoto anayeshiba analowesha nepi sita au zaidi kwa saa 24, mkojo ukiwa mweupe, na choo kimegeuka njano. Wa kwangu alikuwa analowesha nepi tatu. Nilikuwa nazianika kwenye kamba nyuma ya nyumba, na siku ya saba niliziona zile tatu zikipepea peke yake, nikabeba mtoto nikaenda kliniki bila kuoga. Alikuwa amepungua kuliko inavyotakiwa. Ni kawaida mtoto kupungua kidogo siku za mwanzo, ila ikikaribia asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa lazima aonwe, na akifika wiki mbili awe amerudi kwenye uzito wake.

Nilielekezwa kumnyonyesha kwanza, kisha kumwongezea maziwa ya kopo kwa kikombe, kisha kukamua. Kila mzunguko ulikula saa nzima. Nililia kwa sababu nilijua kampeni ya miezi sita ya maziwa ya mama pekee na niliona nimeifeli. Mkunga mmoja mtu mzima akaniambia, "Mwanangu, hata kijiko kimoja cha maziwa yako ni chake. Endelea." Niliendelea. Alipofika wiki ya tano nyongeza ilikuwa imepungua hadi mara mbili kwa siku. Kwa wengine nyongeza inakwisha kabisa, kwa wengine haikwishi. Usianze nyongeza kwa ushauri wa jirani, wala usiikatae pale mizani inapoonyesha mtoto anapungua.

Mtoto akiwa analala tu na haamki kunyonya, utosi umebonyea, mkojo ni mchache na wa rangi ya chai, macho na ngozi vimekuwa njano, au ana homa, usingoje kesho.

Kuhusu dawa za kuongeza maziwa: uji wa pilipili manga, supu ya kuku, supu ya pweza, ni chakula kizuri na maji mwilini yanasaidia, lakini havichukui nafasi ya kunyonyesha mara kwa mara. Vidonge vya kuongeza maziwa vipo, vinatolewa na daktari, na vinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Usinunue dukani kwa kuelekezwa kwenye simu.

Na kama umeajiriwa Tanzania, sheria ya ajira ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, 100 kama ni mapacha, na ukirudi kazini una haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kwa mwenye maziwa ya shida, saa hizo mbili ndizo zitakazoamua kama utaendelea au utaacha. Ziombe kwa maandishi.

Hatua ya 3: Chakula cha arobaini

Mzazi anapewa mtori, uji wenye sukari vijiko vingi, chai ya maziwa, wali, na soda ya kuongeza damu, ambayo haiongezi damu. Anayepika anakupenda. Usigombane naye, panga upya sahani.

Mimi niliomba mambo matatu tu. Uji upikwe wa dona au ulezi, sukari niweke mwenyewe. Mtori uwe na nyama zaidi na ndizi pungufu kidogo, na pembeni niletewe mchicha au matembele. Soda na juisi za boksi zibaki za wageni. Mama mkwe alinuna siku moja, siku ya pili akaniletea bakuli la maharage na dagaa, akasema, "Haya, kula mboga zako." Tukaelewana.

Kwa kila mlo, nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo iwe maharage, choroko, samaki, mayai au nyama, robo inayobaki iwe ugali, wali, ndizi au viazi. Wanga usiufute. Hakuna mlo mmoja maalumu uliothibitishwa kuwa ndio wa PCOS, na anayekuuzia ratiba ya kukata wanga wote anakuuzia kitu. Anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi kuliko kawaida, kwa hiyo miezi ya mwanzo si ya kujinyima. Uzito utaushughulikia baadaye, polepole. Kupungua hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito kunatosha kubadilisha hedhi na sukari kwa wenye uzito uliozidi. Ramadhani ikikukuta, kwenye nifasi hufungi, na anayenyonyesha ana ruhusa. Itumie ruhusa hiyo.

Kukandwa na maji ya moto: kama umepasuliwa au una nyuzi, hapana. Mshukuru bibi, mwombe akukande mgongo na miguu.

Hatua ya 4: Wiki ya sita, pima sukari na presha

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo ningekubembeleza usiiruke. Kliniki ya siku 42 mara nyingi inaishia kwa mtoto: anapimwa uzito, anachomwa chanjo, mnaondoka. Toa karatasi yako. Sema, "Sista, mimi nina PCOS, naomba nipimwe na mimi."

PCOS inaongeza uwezekano wa kisukari cha mimba na wa kisukari cha aina ya pili baadaye. Kama ulipata kisukari cha mimba, kipimo kinachotakiwa kati ya wiki ya 6 na ya 12 ni kile cha kunywa glukosi. Unakwenda asubuhi hujala tangu usiku, angalau saa nane bila chakula. Wanachukua damu, wanakupa gramu 75 za glukosi kwenye maji, unakaa saa mbili, wanachukua tena. Hizo saa mbili unaweza kunyonyesha. Beba maji na mtu wa kukushikia mtoto, maana ule utamu unachafua tumbo.

Ukipewa majibu, soma mwenyewe. Kwa kipimo cha mmol/L, kabla ya kula, 7.0 au zaidi ni kisukari, 6.1 hadi 6.9 ni onyo. Baada ya saa mbili, 11.1 au zaidi ni kisukari, 7.8 hadi 11.0 ni onyo. Onyo maana yake bado una muda wa kufanya kitu. Hata kama hukupata kisukari cha mimba, mwenye PCOS apimwe sukari kila baada ya mwaka 1 hadi 3.

Presha ya 140 kwa 90 au zaidi isipuuzwe. Na kuumwa sana kichwa, kuona nyota nyota au kuvimba uso ndani ya wiki hizi sita ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, kwani kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya mtoto kuzaliwa.

Hatua ya 5: Uzazi wa mpango, ndiyo, hata wewe

Nesi aliponiuliza nataka njia gani, nilicheka kidogo. Mimi? Niliyeomba mtoto miaka mitano? Akaniuliza, "Hedhi imerudi?" Nikasema bado. "Mtoto ananyonya tu?" Nikasema namwongezea kopo. Akanyamaza, akaandika, kisha akasema, "Basi unaweza kushika mimba mwezi huu."

Alikuwa sahihi. PCOS inafanya mayai yapevuke bila ratiba, haifanyi yasipevuke kamwe. Yai la kwanza baada ya kujifungua linaweza kutoka kabla ya hedhi ya kwanza, kwa hiyo ukingoja damu ikuonye unaweza kuwa umechelewa. Kunyonyesha kunazuia mimba kwa zaidi ya asilimia 98 kama masharti matatu yapo kwa pamoja: hedhi haijarudi, mtoto ananyonya tu usiku na mchana, na hajafika miezi 6. Moja likivunjika, kinga haipo. Bibi zetu waliokemea kumbemenda mtoto waliona kitu cha kweli: mimba inayofuata haraka inamnyang'anya mtoto titi. Shirika la Afya Duniani linashauri kungoja angalau miezi 24 kabla ya mimba nyingine.

Kuhusu njia zenyewe, kwa anayenyonyesha mwenye PCOS, haya ndiyo niliyojifunza. Kijiti kinafaa, kinakaa miaka 3 au 5 kutegemea aina, ila damu inaweza kutoka hovyo mwanzoni. Kitanzi cha shaba hakina homoni, kinawekwa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua au kuanzia wiki ya nne, lakini kinaweza kuzidisha damu ya hedhi. Kitanzi chenye homoni, ukikipata, kinalinda pia ukuta wa mfuko wa uzazi, na kwa sisi wenye PCOS hiyo ni faida kubwa (sababu iko Hatua ya 6). Sindano ya miezi mitatu ni rahisi, lakini inaongeza uzito kwa wengi na ukiiacha uzazi unachelewa kurudi kwa miezi kadhaa. Kwa mtu ambaye tayari anahangaika na uzito na anataka mtoto mwingine, mimi nisingeichagua. Vidonge vya homoni mbili ndivyo vinavyosaidia ndevu, chunusi na mpangilio wa hedhi, ila kwa anayenyonyesha kwa kawaida vinangoja hadi mtoto afike miezi 6, na havifai ukiwa na presha, ukiwahi kuganda damu, au kama una kipandauso cha kuona mwanga kabla ya maumivu. Waulize vidonge vya homoni moja kwa kipindi cha kunyonyesha.

Hatua ya 6: Fuatilia hedhi ikirudi

Ukiwa unanyonyesha sana, kukosa hedhi ni kawaida. Ukipunguza kunyonyesha au ukiacha, anza kuweka alama kwenye kalenda. Ikipita miezi mitatu bila damu, na hutumii njia yenye homoni, pima mimba kwanza hata kama moyo unakuambia ni PCOS tu. Ikiwa si mimba, nenda kwa daktari. Sababu ni hii: kila mwezi ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi unanenepa, na damu ndiyo inayousafisha. Usiposafishwa kwa muda mrefu, miaka kwa miaka, unaongeza hatari ya saratani ya ukuta huo. Daktari anaweza kukupa vidonge vya siku chache vya kuitoa damu, au njia ya uzazi wa mpango yenye kazi hiyo hiyo.

Na ikirudi kwa fujo, pedi inalowa kila saa kwa saa mbili mfululizo au unaona kizunguzungu, hospitali.

Ukiwa kwenye hali hii simu yako itajaa matangazo: dawa ya kusafisha kizazi, ya kuzibua mirija, ya kumaliza PCOS kwa siku 21, vidonge vya kuingiza ukeni. Nimetumia fedha yangu huko kabla ya kupata mtoto na najua jinsi kukata tamaa kunavyokufanya ubonyeze namba ya muuzaji saa saba usiku. PCOS haina dawa ya kuimaliza. Ina matibabu ya kuishi nayo vizuri. Na unachomeza sasa kinaweza kupita kwenye maziwa hadi kwa mtoto, bila wewe kujua ndani yake kuna nini.

Hatua ya 7: Nywele, ndevu na shingo

Karibu mwezi wa tatu au wa nne utachana nywele na kitana kitajaa. Hiyo inawapata mama wengi, wenye PCOS na wasio nayo: nywele zilizogoma kudondoka wakati wa mimba zinadondoka zote pamoja. Kwa kawaida zinarudi kabla mtoto hajatimiza mwaka. Suka mabutu mepesi, usivute kingo. Kinachotakiwa kukushtua ni nywele kupungua katikati ya utosi, njia ya mchano ikizidi kupanuka hata baada ya mwaka. Hapo homoni za kiume zinahusika.

Ndevu unaweza kunyoa. Wembe hauzifanyi ziwe nene, hilo ni la mtaani. Kutinda kwa uzi ni kuzuri pia, ila acha pale penye chunusi. Lakini ndevu zikiongezeka kwa kasi ndani ya wiki chache, na sauti ikawa nzito, hiyo si PCOS ya kawaida, muone daktari haraka.

Halafu shingo. Ule weusi kama uchafu usiotoka nyuma ya shingo na kwapani, nilisugua kwa dodoki hadi nikachubuka. Siyo uchafu. Ni alama ya insulini kuzidi, inafifia sukari na uzito vikitulia. Usiupake mkorogo. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, na mtoto analala uso wake ukiwa hapo hapo shingoni.

Hatua ya 8: Moyo wako

Wiki mbili za kwanza, kulia bila sababu kunatokea na kunapita. Ikizidi wiki mbili, ukiwa huna hamu ya chochote, unaogopa muda wote, huwezi kulala hata mtoto akiwa amelala, unamwona mtoto kama wa mtu mwingine, huo ni ugonjwa na unatibika. Wenye PCOS tunaupata zaidi ya wengine, wakati wa mimba na baada yake. Kwangu ulijificha nyuma ya shukrani: ningelalamikaje wakati nimepata nilichoomba? Dada yangu ndiye aliyeona. Alikuja akakuta nepi zimerundikana, akakaa sakafuni pamoja nami, akasema, "Umemtaka, ndiyo. Na umechoka, ndiyo. Twende kwa daktari." Kuna fomu ya maswali 10 ambayo wahudumu wengine wanayo kwa Kiswahili, iombe, ijaze bila kujipendezesha. Dawa zipo zinazokubalika kwa anayenyonyesha. Na likija wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usibaki peke yako hata dakika moja: mwamshe mtu, nendeni hospitali usiku huo huo.

Hatua ya 9: Mwili uanze kutembea

Baada ya wiki sita, au daktari akiruhusu kama ulipasuliwa, lengo ni dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi ya kukufanya upumue kwa nguvu lakini bado unaweza kuongea. Mimi nilimfunga mtoto mgongoni kwa kanga, nikaenda sokoni kwa miguu kwenda na kurudi, siku tano. Misuli inayofanya kazi inachukua sukari hata insulini ikiwa haisikilizwi vizuri, ndiyo maana matembezi yanafaa hata mizani isiposogea. Mume akikuambia unakoroma sana na unaamka umechoka zaidi ya uchovu wa mtoto, mwambie daktari. Kukatika pumzi usingizini kunawapata wenye PCOS zaidi.

Hatua ya 10: Ukitaka wa pili

Usiondoe kijiti kisha uanze kungoja. Miezi mitatu kabla, pima sukari, presha na uzito, na anza foliki asidi ya mikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla ya kujaribu. Wengine wanashika bila dawa safari ya pili, wengine wanarudi kwenye vidonge vya kupevusha mayai. Vyote ni kawaida. Kama bado unanyonyesha, sema, kwa kuwa baadhi ya vidonge hivyo vinapunguza maziwa. Na kama unatumia metformini, usiiache wala usiizidishe mwenyewe ukiona kipimo cha mimba kina mistari miwili. Muulize daktari wiki hiyo hiyo, umwonyeshe na ile karatasi iliyo ndani ya kadi.